Miaka 11 nalea transmita, leo naambiwa bila leseni ya umeme nisiguse hata breka. Ni kweli?

"Shikamoo injinia. Mimi ni fundi mitambo wa redio moja hapa Dodoma, huu mwaka wa 11. Nina diploma ya elektroniki na mawasiliano. Studio tumepanga nyumba Miyuji, transmita ya kilowati 2 iko kilimani nje ya mji pamoja na ile ya zamani ya valvu tunayoiweka akiba, na jenereta. Kila kitu nimefunga mwenyewe, DB ya studio (lile boksi la breka) mpaka cheinji ova ya jenereta, ile swichi ya kuhama kati ya TANESCO na jenereta. Mwezi uliopita alikuja mkaguzi akauliza nani kafunga huu umeme, nikasema mimi, akauliza leseni ya EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, iko wapi. Sina. Sasa meneja kaniandikia barua nisiguse kitu chochote cha umeme mpaka niwe na leseni, na nikipigwa shoti ni shauri yangu. Wenzangu wengine wanasema leseni ya redio ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inatosha, mwingine anasema watu wa mawasiliano hatuhusiki na sheria hiyo, mwingine kaniletea fundi wa kugonga muhuri kwa hela kidogo yaishe. Transmita ikizima saa 8 usiku nani atapanda kule? Na je, ndo kazi yangu imeisha?"

Marahaba mdogo wangu, mbukwenyi. Nianze na la mwisho maana najua ndo linalokunyima usingizi: kazi yako haijaisha. Ila na mkaguzi hajakuonea. Nitakuwa mrefu, univumilie, kwa sababu vijana wa redio za mikoani wameshaniuliza swali hili mara nyingi na kila nikijibu kwa kifupi mtu anaondoka na kipande cha jibu kile kinachomfurahisha.

Tuanze na hao wenzako. Huyo wa TCRA, mwambie hivi: TCRA iliundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na redio yenu inafanya kazi chini ya sheria ile ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya 2010, ambayo watu wamezoea kuiita EPOCA. TCRA anataka kujua mnarusha nini, kwenye masafa gani kati ya megahazi 87.5 na 108, kwa nguvu kiasi gani, na kama mtambo wenu haumwagi uchafu kwenye masafa ya jirani. Waya wa volti 230 uliopita ndani ya ukuta wa studio sio biashara yake. Kusema leseni ya redio inakuruhusu kufunga DB ni sawa na mwenye leseni ya bucha kusema anaruhusiwa kumdunga ng'ombe sindano, eti kwa vile wote wanashika ng'ombe.

Huyo wa pili anayesema watu wa mawasiliano hatuhusiki, huyo namwelewa maana na mimi nilikuwa naamini hivyo hivyo kwa miaka. Lakini soma Sheria ya Umeme ya 2008, Sura ya 131, kifungu cha 8. Kinataja shughuli zinazohitaji leseni, kuzalisha umeme, kusafirisha, kusambaza, kuuza, na kwenye orodha hiyo hiyo kuna kufunga mifumo ya umeme. Sheria inaangalia kazi iliyofanyika, haiulizi aliyefanya ni mtu wa redio au wa mashine ya kusaga. Ukifunga DB umefunga DB, basi.

Kuna na hoja nyingine ambayo hukuitaja ila najua utaletewa, kwamba 230 ni "volteji ndogo" hivyo haina neno. Ni kweli vitabu vya kimataifa vinaita volteji ndogo kila kitu mpaka volti 1,000 za AC, lakini hilo ni jina tu la kutofautisha na zile laini za 11,000 na 33,000 za TANESCO zinazopita juu ya nguzo. Volteji ambayo kweli inachukuliwa kuwa ya chini sana ni ile isiyozidi volti 50 za AC au 120 za DC. Watu wengi ninaowajua waliokufa kwa umeme wamekufa na hiyo hiyo 230 ya nyumbani, sio ile ya nguzoni.

Na mwisho usije ukachanganya EWURA na ERB. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kwa sheria ya 1997, inasajili wahandisi na mafundi sanifu, yaani inakupa haki ya kujiita hivyo na kuwajibika kama mtaalamu. Ni kitu kizuri na nakushauri ukifuatilie, lakini hakikupi ruhusa ya kufunga umeme kwenye jengo la watu. Hata mhandisi mwenye muhuri wake akitaka kufunga umeme kwa mkono wake anatakiwa awe na hiyo leseni nyingine.

Sasa swali la maana ni hili, mpaka uko wapi? Maana barua ya meneja wako imeandikwa na mtu aliyeogopa, anakwambia usiguse "kitu chochote cha umeme", kwa maneno hayo hata mikisa hutakiwi kuiwasha. Mpaka ninaoutumia mimi kwenye kazi zangu, na ambao nikiwachorea wakaguzi tunaelewana, ni ile swichi ya kukatia umeme iliyopo ukutani jirani na transmita. Vyote vilivyo nyuma ya hiyo swichi ukirudi kuelekea mita ya LUKU, yani mein swichi, DB, nyaya za ukutani na za chini ya ardhi, soketi, cheinji ova, erthi rodi za jengo (zile fimbo za chuma zinazopigiliwa ardhini), hiyo ni kazi ya kufunga umeme na inataka mtu mwenye leseni. Vyote vilivyo mbele yake, pawa saplai ya transmita, eksaita inayotengeneza mawimbi yenyewe, hatua ya mwisho ya kukuza nguvu, fida kebo mpaka antena, huo ni ufundi wako uliousomea na leseni ya kufunga umeme wa majengo haijatungwa kwa ajili yake. Ule waya unaounganisha swichi na transmita uko mpakani, huo fanyeni wote wawili, yeye aingize upande wa swichi wewe upande wa mtambo. Na kuzima au kuwasha breka sio kufunga umeme jamani, ni kutumia, hata mlinzi anaruhusiwa.

Usidhani ni Tanzania tu inayowasumbua watu wetu. Australia wenzetu wa utangazaji wana mgogoro huu huu, kule ukizidi zile volti 50 za AC unaingia kwenye kazi ya fundi mwenye leseni, na wameishia kuwa na leseni yenye mipaka ambayo inamruhusu mtu wa vifaa kuchomoa na kurudisha kifaa chake kilekile bila kugusa wayaringi ya jengo. Mimi ningefurahi siku moja tuwe na kitu kilichokaa hivyo kwa ajili ya mitambo ya redio na minara, lakini kwa sasa tunaishi na hiki tulicho nacho.

Nadhani kinachokuuma zaidi ni kwamba umefunga miaka 11 na hakuna aliyekufa, kwa hiyo leseni inaonekana kama karatasi ya kula hela. Ngoja nikuonyeshe kitu kimoja kwa hesabu uone karatasi hiyo inatafuta nini. Chukulia erthi ya studio yenu Miyuji. Sisi hapa mvua inaanza mwishoni mwa Novemba au Disemba, Aprili imekata, halafu miezi saba ardhi inakauka mpaka inapasuka. Rodi uliyoipigilia mwezi wa pili ikasoma vizuri, Oktoba inaweza kusoma mara kadhaa zaidi ya hapo, maana umeme unapita kwenye unyevu na chumvi za udongo na vyote vimekauka. Sema imefika omu 50. Siku waya wa moto ukigusa bodi ya chuma ya mashine, umeme utakaokimbilia ardhini ni 230 gawanya kwa 50, ampia 4.6. Breka yako ya ampia 32 inaona 4.6 kama mtu kachomeka pasi, haishtuki, inakaa tu. Bodi ya mashine inabaki na volti karibu zote ikimsubiri mtangazaji wa kipindi cha asubuhi aje na kikombe cha chai mkononi. Miaka 11 hiyo kitu inaweza kukaa kimya kwa sababu waya haujagusa bodi bado, sio kwa sababu ulifunga vizuri. Dawa yake ni RCD ya miliampia 30, ambayo haisubiri ampia nyingi, inapima tu kama umeme uliotoka umerudi wote, ukipungua kidogo inakata. Fundi aliyesomea wayaringi anafundishwa hii hesabu na anafundishwa kuipima kwa mita ya erthi. Wewe na mimi chuoni tulifundishwa moduleshini, namna ya kupakia sauti kwenye mawimbi. Kila mmoja na chake.

Na cheinji ova, hapa naomba unisome taratibu. Hii ndo sehemu moja ambayo hata kama ungekuwa mdogo wangu wa tumbo moja nisingekutetea. Transfoma ya TANESCO pale mtaani inashusha 11,000 kuwa 400, sasa transfoma haina akili ya kujua mbele na nyuma, ukiipa 400 upande wa chini inatoa 11,000 upande wa juu. Cheinji ova ikifungwa vibaya, au mtu katumia breka mbili za kawaida bila kitu kinachozuia zote mbili zisiwe juu kwa wakati mmoja, siku TANESCO wamekata umeme wafanye matengenezo na nyie jenereta inanguruma kilimani, mmewapelekea wale vijana kwenye nguzo volti 11,000 kutoka kwenye lita chache za dizeli. Mtu aliyepanda nguzo amezima laini yake, amepima, anaamini iko salama, nyie ndo mnawasha. Sisemi yako iko hivyo, sijaiona. Nasema hiyo ndo ya kwanza kukaguliwa, kabla hata ya DB.

Haya, nimekubana vya kutosha, sasa nigeukie upande wa pili ambao mkaguzi hakukwambia.

Hatari kubwa kuliko zote kwenye hicho kituo iko upande wako wa mpaka, na hakuna leseni yoyote ya wayaringi inayoigusa. Ile transmita ya valvu mliyoiweka akiba ina maelfu ya volti za DC kwenye anodi, na ina kapasita za kulainisha huo umeme. Kapasita ya maikrofaradi 10 iliyochajiwa volti 5,000 inabeba jouli 125. Mashine ya hospitali ya kushtua moyo inatumia jouli kuanzia kama 120 na kuendelea, ila ile inatumiwa kumrudisha mtu na hii inampeleka. Na inabaki na huo mzigo hata ukishachomoa waya, kama rezista ya kuimwaga imeungua, na rezista za mashine za zamani zinaungua bila kumwambia mtu. Ndo maana wazee waliotufundisha walikuwa na ile fimbo yenye ndoano ya shaba na waya wa kwenda erthi, unafungua mlango, unagusa kila ncha kwa fimbo, halafu unaiacha imening'inia pale pale mpaka umalize kazi. Kama fimbo hiyo haipo kwenye kibanda chenu, transmita hiyo isifunguliwe. Kabisa.

Na hii mpya ya kilowati 2 isikudanganye. Watu wanasema aah hii ni transista za volti 50 tu, haiui. Kwenye transista ni 50 kweli, ila zinabeba makumi ya ampia, pete ya ndoa ikigusa pale kidole kinaungua mpaka mfupa, vua pete na saa. Halafu hizo 50 zinatoka wapi? Ndani ya pawa saplai umeme wa 230 unageuzwa DC kwanza, na kilele cha 230 ni volti 325, kama ni feizi tatu za 400 basi inapita 560, na hapo pia kuna kapasita zinazoshikilia. Zima, subiri dakika ambazo kitabu cha mtambo kimeandika, pima kwa mita, ndo uguse.

Sasa chukua fundi mwenye leseni safi kabisa, umlete kwenye hicho kibanda. Hajui lolote kati ya hayo. Hilo ndo jambo ambalo meneja wako halioni, anadhani akimpata mwenye leseni kapata mtu wa kila kitu. Nikupe kisa. Kituo kimoja nilichokuwa nasimamia mitambo, tuliletewa fundi mwenye leseni kurekebisha umeme wa kibanda, na kazi yake aliifanya vizuri, nyaya zimenyooka utadhani kasuka mkeka. Akakuta ule utepe mpana wa shaba unaounganisha erthi ya mnara na erthi ya jengo, akaona hauna rangi ya kijani na njano, hautoki kwenye DB, akaona ni chuma cha bure tu akaukata na kuuweka pembeni. Mimi sikuwepo siku hiyo na hilo kosa ni langu. Mvua ya kwanza ya Disemba radi ikapiga mnara. Radi ya kawaida inabeba kama ampia 30,000, ukizipitisha kwenye erthi ya omu 10 tu mnara mzima unapanda volti 300,000 juu ya ardhi ya jirani yake. Kama erthi mbili zimeunganishwa, mnara na jengo na transmita vinapanda pamoja na kushuka pamoja, hakuna tofauti, hakuna wa kumdhuru mwenzake. Zikitenganishwa, tofauti hiyo inatafuta njia ya kupita, na njia iliyobaki ni fida kebo na katikati ya transmita yako. Tuliokota vipande vya moduli sakafuni. Redio ilikaa kimya wiki tatu.

Kwa hiyo fundi hakuvunja sheria, ana leseni, na mtambo umekufa. Ndo maana nasema mnahitajiana. Yeye asifanye kazi kwenye kibanda cha transmita bila wewe kuwepo, na wewe usifunge DB bila yeye.

Studio nako mtagombana, nakutahadharisha mapema. Akifunga ile RCD niliyokusifia, itaanza kukata ovyo. Kila kompyuta, kila pawa saplai ya kisasa inavujisha kidogo kwenda erthi kupitia kichujio chake, miliampia 1 hivi au zaidi kidogo, na RCD ya 30 inaruhusiwa kuanza kukata kuanzia 15. Weka vifaa 15 au 20 kwenye RCD moja, kazi imekwisha, katikati ya taarifa ya habari redio inazima. Kinachofuata najua maana nimekiona, mtu anaitoa RCD na kuunganisha moja kwa moja. Usifanye hivyo. Mwambie fundi agawe sakiti, kila moja iwe na RCD yake na vifaa vichache, studio ya hewani ikae peke yake. Inaongeza gharama kidogo lakini inamaliza ugomvi.

Na ule mvumo, yule nyuki wa hezi 50 kwenye spika. Mkono juu, nani hajawahi kukata mguu wa erthi wa plagi ya mikisa ili mvumo uishe? Mimi nilishafanya, ujana. Mvumo unaisha kweli, kwa sababu umekata mzunguko wa erthi mbili, lakini umeondoa njia pekee ya umeme kukimbilia siku kitu kikiharibika ndani, na kwenye studio mtu anaweka midomo kwenye maikrofoni ya chuma. Tumia nyaya zenye balansi, weka transfoma ndogo ya kutenganisha sauti, au hakikisha vifaa vyote vya mnyororo mmoja vinachukua umeme na erthi sehemu moja. Pitia plagi zote za studio wiki hii, nina wasiwasi utakuta moja imekatwa na sio lazima awe ni wewe.

Turudi kwenye leseni, una njia gani. Ya muhuri wa kununua itoe kichwani. Sio kwamba najifanya mtakatifu. Anayegonga muhuri anasaini kwamba amefunga au amesimamia na kupima, hajafanya hivyo, siku kibanda kikiungua bima watatafuta jina kwenye fomu na yeye atasema hakuwahi kufika, na wewe utabaki uliyeshika bisibisi. Mnakuwa wawili wenye kosa badala ya mmoja.

Njia ya haraka, na ndo ningeanza nayo mwezi huu, ni redio kuingia mkataba na fundi au kampuni yenye leseni hai ya EWURA, akague ulichofunga, apime, arekebishe, aandike ripoti, na awe anaitika mkiita. Usione aibu kazi yako kukaguliwa. Mkabidhi mchoro, mweleze kila waya, atakuheshimu. Namba ya leseni yake hakikini EWURA wenyewe, msiishie kuangalia karatasi.

Njia ya pili ni wewe mwenyewe kuchukua leseni. EWURA wanazo kwa madaraja, A ya juu kabisa, inashuka B, C, D, halafu iko W ya mafundi wayaringi na S ya kazi maalumu, na unavyoshuka ndo kazi unazoruhusiwa zinapungua. Kituo chenu kikiwa ni feizi moja au feizi tatu ni jambo la kwanza la kujua maana litaamua daraja gani lina maana kwako, usije ukahangaikia leseni halafu ikakuta jenereta yenu haimo. Maombi yanafanyika mtandaoni kwenye mfumo wao unaoitwa LOIS. Tatizo lako ni cheti. Diploma yako ni ya elektroniki na mawasiliano, wao wanataka kuona umesomea umeme na uzoefu wa kazi za umeme, miaka 11 ya transmita haihesabiki hivi hivi tu. Unaweza kusoma ufungaji umeme VETA, au kama mkono wako tayari unaijua kazi uliza VETA Dodoma kuhusu ule utaratibu wao wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, unapimwa unachokijua na kupewa cheti bila kuanza darasa la kwanza na watoto. Kwa maoni yangu hii njia inakufaa, una umri bado, na fundi mitambo anayeelewa pande zote mbili za ile swichi ni mali, redio za mikoani hazina wengi wa namna hiyo. Lakini itachukua muda, kwa hiyo haiondoi ile ya kwanza.

Njia ya tatu ni kubaki ulivyo, mtu wa mitambo tu, na kuacha umeme wa jengo kwa wenyewe. Hakuna ubaya wowote hapo. Ila mpaka uandikwe. Mjibu meneja kwa heshima, kwa maandishi, mwambie unakubali kutogusa kuanzia mita mpaka swichi ya transmita, na unaomba ithibitishwe kwamba kuanzia swichi kwenda mbele ni kazi yako kama fundi mitambo. Ambatisha mchoro wa mstari mmoja, ule rahisi unaoonyesha umeme unavyopita kutoka mita mpaka mtambo.

Kuhusu hiyo sentensi ya "nikipigwa shoti ni shauri yangu", hiyo haina nguvu hata aiandike kwa wino wa dhahabu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 imemtwisha mwajiri wajibu wa kuhakikisha sehemu ya kazi ni salama, OSHA ndo wasimamizi, na kwenye fidia kuna WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ambao mwajiri ndo anachangia, wewe hukatwi. Mwajiri hawezi kujitoa kwa barua. Usimjibu kwa ukali, muulize tu kwa upole kama redio imesajiliwa OSHA na WCF. Utaona barua ya pili inakuja na lugha laini.

Saa 8 usiku sasa. Transmita imezima, unapanda na mtu, sio peke yako, hilo halina mjadala hata kama ni mlinzi tu anayejua swichi iko wapi na namba ya kupiga. Angalia umeme upo. Kama breka imeanguka, irudishe mara moja. Ikianguka tena iache hapo hapo, usibadilishe ya ampia kubwa zaidi, usizungushe waya, mpigie yule wa mkataba. Kama umeme unafika kwenye swichi na transmita ndo imekataa, hiyo ni yako, zima, funga swichi kwa kufuli na funguo iwe mfukoni kwako, subiri, mwaga, pima, endelea. Redio ikilala kimya mpaka asubuhi wasikilizaji watalalamika, na wasikilizaji wa Dodoma nawajua wanapiga simu kweli, lakini asubuhi mtakuwa wote mpo.

Kuna vitu sitaki uvimalize kwa kunisoma mimi. Cheinji ova, aje mtu aione kwa macho. Erthi ya mnara na ya jengo zipimwe kwa mita yake, sio kwa taa ya kupimia. Ukigusa bodi ya kitu chochote ukahisi kama mchwa wanatembea mkononi, zima mein swichi na usiwashe mpaka fundi afike. Na aliyepigwa shoti akaanguka hata sekunde chache halafu akaamka anacheka, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo wakamwangalie moyo, kuna wanaocheka mchana wakaondoka usiku.

Kwa habari ya daraja la leseni usiulize vijiweni, EWURA makao makuu yako hapa hapa Dodoma, beba vyeti vyako, barua ya kazi, na ule mchoro wa mstari mmoja, uwaulize kwa mtambo wenu kama ulivyo. Sisi wa hapa tuna bahati hiyo, mwenzako wa Kigoma angelipa nauli ya siku nzima. Ila kabla ya hapo mpigie fundi wa mkataba aje na mita ya erthi sasa hivi wakati ardhi bado imekauka, maana akija Januari atasoma namba nzuri ya uongo na wote mtarudi nyumbani mmefurahi.